Diski za Nikahi na Darsa Zakosa Pa Kusomwa: Draivu Ipi Ifaayo Nyumbani?

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa Moshi, tangu Majengo na Njoro hadi Pasua, na huko juu kwenye vihamba vya Machame, Kibosho na Uru, lipo boksi ambalo siku hizi halifunguliwi. Pengine ni boksi la viatu vya Idi ya miaka mingi iliyopita. Pengine ni mfuko wa plastiki wa zama zile kabla ya katazo la mwaka 2019, nao umehifadhiwa kwa sababu tu ya kilichomo. Ndani yake mna diski: nikahi ya binti mkubwa, walima uliochinjiwa ndafu, maulidi ya mtaa, darsa za Ramadhani, hotuba za imamu aliyekwisha tangulia mbele ya haki, na kisomo cha mtoto siku alipohitimu madrasa. Kompyuta iliyonunuliwa juzi kwa ajili ya masomo ya watoto haina hata tundu la kuziingiza.

Wako watakaosema kwamba zama za diski zimepita na kila kitu sasa kimo katika simu. Kwa mambo yaliyorekodiwa leo, wamesema kweli. Tena sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, aliyerekodi msahafu mzima kwa kisomo cha murattal mwaka 1961, utaipata mtandaoni saa yoyote upendayo. Lakini sauti ya babu yako akiongoza khitma kule Kirua mwaka 2006 haimo mtandaoni wala haimo katika simu ya mtu yeyote. Imo katika diski moja tu, na diski hiyo inazeeka. Kwa hiyo tumeona wiki hii tuzungumze juu ya chombo cha kuisomea, yaani kiendeshi cha diski, ambacho madukani huitwa draivu, na ambacho nasi tutakiita hivyo.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Diski ya CD iliingia sokoni mwaka 1982 kwa kazi ya kampuni za Sony na Philips. Mwaka 1993 ikaja VCD, ambayo ni CD ileile iliyobebeshwa picha za video, na mwaka 1996 huko Japani ikatoka DVD. Nchi nyingi za Magharibi ziliirukia VCD bila kuijali. Kwetu Afrika Mashariki ndiyo iliyotawala, kwa kuwa ilikuwa rahisi kunakiliwa na mashine zake zilikuwa za bei ndogo. Darsa za masheikh kama Nassor Bachu wa Zanzibar zilizokuwa zikizunguka kwa kaseti zikahamia humo. Harusi nazo zikahamia humo, na baadaye katika DVD. Mwaka 2008 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta mpakato nyembamba isiyo na draivu, na watengenezaji wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Sony ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia. Draivu za DVD bado zinauzwa, mpya na zilizotumika, lakini upepo unakovuma kila mtu anauona.

Sitara ya harusi

Huenda mzazi akauliza: ya nini kununua draivu, ilhali mjini wapo vijana wenye vibanda ambao kwa malipo madogo huhamisha diski kwenda kwenye flashi? Kwa diski ya mawaidha ya hadhara, hatuna neno. Mpelekee fundi, mlipe haki yake, uondoke na kazi yako.

Diski ya harusi ni jambo jingine. Harusi nyingi zetu zilirekodiwa pande mbili: upande wa wanaume, na upande wa akina mama, ambako bibi harusi alipambwa na wasichana wakacheza bila ya hijabu kwa kuwa walijua kwamba waliokuwamo wote ni wanawake, pamoja na mpiga picha mwenyewe. Wale wasichana leo ni mama wa watu. Wengine wao ni walimu wa madrasa. Walikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba diski itakaa kabatini kwa shangazi. Sasa diski hiyo ikiachwa kibandani tangu asubuhi hadi jioni, picha zote hupita kwanza ndani ya kompyuta ya fundi, na nakala hubaki humo hata kama fundi hana nia yoyote mbaya, kwa sababu kazi ni nyingi na kufuta husahaulika. Baadaye kompyuta ile huuzwa, au huazimwa, au huibiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa kila mtu haki juu ya taarifa zake, na ni jambo jema kwamba ipo. Ila picha ikishatoka katika simu moja kwenda nyingine, hakuna hukumu inayoweza kuirudisha kabatini.

Hii ndiyo sababu kubwa, kwa maoni yetu, ya familia kuwa na draivu yake. Hatusemi kila nyumba. Draivu moja inatosha ukoo mzima: inabebwa mkobani, inapanda Hiace hadi Kibosho Ijumaa, inashuka Jumapili. Mwenye kompyuta na awe binti au mama wa familia, na kazi ifanyike ukumbini pao.

Ya ndani au ya nje

Draivu za kompyuta ziko namna mbili. Ipo ya ndani, inayofungwa kwa skrubu katika kompyuta ya mezani, na ipo ya nje, nyembamba kama kitabu cha juzuu amma, inayounganishwa kwa waya wa USB. Kwa familia nyingi tunapendekeza ya nje. Haichagui kompyuta, haihitaji fundi, na kompyuta ikifa yenyewe inabaki hai.

Hata hivyo, mwenye kompyuta ya mezani asiidharau draivu ya ndani ya umbo kubwa. Hizi zilijengwa imara, injini yake ina nguvu, na kwa tulivyoona, diski iliyochubuka ambayo draivu nyembamba imeikataa, mara nyingi draivu kubwa huisoma. Zimejaa kwa wauzaji wa kompyuta zilizotumika, zikitolewa katika mashine za maofisi. Jambo la kutazama ni mdomo wa waya. Za zamani zina mdomo mpana wenye pini 40, uitwao IDE. Za baadaye, tangu miaka ya 2000 ilipofika katikati, zina mdomo mwembamba uitwao SATA. Fungua kwanza ubavu wa kompyuta yako uone ina waya upi, maana kipana hakiingii penye chembamba hata ukisali rakaa mia.

Ipo njia ya tatu, nayo inawafaa sana watu wa kipato cha kawaida. Kompyuta mpakato nyingi zilizokufa kioo au ubao mkuu bado zina draivu nzima. Draivu hiyo huchomolewa ikawekwa ndani ya kasha dogo la USB linalouzwa peke yake, na papo hapo ikawa draivu ya nje. Unene wake ni milimita 12.7 kwa za zamani na milimita 9.5 kwa za baadaye. Kasha la moja halilifai jingine. Pima kwa rula kabla hujatoa pesa.

Maandishi yaliyo usoni mwa draivu nayo yana maana. CD-ROM husoma CD peke yake. DVD-ROM husoma CD na DVD lakini haiandiki chochote. Ile iitwayo Combo husoma DVD na kuandika CD tu. Yenye maandishi DVD-RW, au Multi, husoma na kuandika zote mbili, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Zipo pia draivu za Blu-ray, ambazo diski yake ya tabaka moja hubeba gigabaiti 25. Ni vyombo vizuri, ila familia isiyo na diski hata moja ya Blu-ray haina haja ya kulipia uwezo huo. Tofauti hiyo ya bei inunue mahali pa kuhifadhia nakala.

Wauzaji wengi huanza na kasi: hii ni 24x, ile ni 52x. Msomaji asitishwe na namba hizo. Kasi ya 1x kwa CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, yaani diski ya dakika 80 ingechukua dakika 80 kusomwa. Kwa DVD, 1x ni kama kilobaiti 1,385 kwa sekunde, na diski iliyojaa gigabaiti 4.7 ingechukua karibu saa nzima. Draivu nyembamba za siku hizi huandikwa 24x kwa CD na 8x kwa DVD, na hizo zinatosha kabisa. Diski kongwe iliyochubuka huhitaji upole. Ikizungushwa kwa kasi hutetemeka na jicho la leza likapoteza mstari. Draivu nzuri hupunguza kasi yenyewe inapoona shida. Ukisikia diski ikilia kwa nguvu, kisha ikatulia na kusomwa polepole, usiitoe. Ngoja.

Chagua pia yenye sinia inayotoka nje badala ya ile yenye mwanya wa kumeza diski. Mwanya hauwezi kupokea diski ndogo za sentimita 8, ambazo baadhi ya kamera za video za miaka ya 2000 zilizitumia. Ikiingia humo huenda isitoke. Sinia, kwa upande wake, ina tundu dogo usoni: umeme ukikatika na diski ikabaki ndani, choma taratibu kwa klipu ya karatasi iliyonyooshwa, nayo itafunguka.

Jaribu kabla ya kulipa

Ukienda dukani, usiende mikono mitupu. Chukua diski nne za nyumbani: CD ya sauti, VCD, DVD iliyorekodiwa na mpiga picha, na moja ambayo unajua ni mbaya. Ndani ya draivu mna leza mbili, moja ya CD na moja ya DVD, kwa sababu CD husomwa kwa mwanga wa mawimbi ya nanomita 780 na DVD kwa nanomita 650. Moja yaweza kufa na nyingine ikabaki hai. Ndiyo maana muuzaji hukuonyesha DVD ya filamu ikicheza vizuri, ukafika nyumbani ukakuta CD zote zinakataliwa. Hakuongopa, hakujaribu tu. Mwambie kwa adabu kwamba unataka kuziona zote nne zikifunguka, na usikubali kuambiwa kwamba diski zako ndizo mbovu hadi ujaribu katika draivu nyingine palepale.

Kwa draivu iliyotumika, itazame lenzi, ile nukta ya kioo inayoonekana sinia ikiwa wazi. Vumbi letu ni jepesi na huingia kila mahali, hasa kwa wakazi wa tambarare ya chini ya mji wakati wa kiangazi. Lenzi yenye ukungu si lazima iwe imekufa. Hupanguswa kwa pamba laini iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti safi, bila kuikandamiza, draivu ikiwa haina umeme. Ila usifanye kazi hiyo kwa draivu ambayo bado si mali yako.

Kisha uliza kuhusu umeme wa USB. Tundu la USB la aina ya zamani, 2.0, limewekewa kikomo cha miliampea 500. Lile la 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la rangi ya buluu, hutoa miliampea 900. Draivu nyingine zinapoanza kuzungusha diski huhitaji zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Ndiyo sababu baadhi ya draivu zina waya wenye vichwa viwili, na wengi huona kichwa cha pili ni cha ziada wakakiacha kikining'inia. Kiingize. Dalili za njaa ya umeme ni hizi: taa inawaka, diski inaanza kuzunguka, panasikika mlio mdogo, kisha kimya, kisha inaanza tena. Watu wengi hutupa draivu nzima kwa dalili hizo. Jaribu kwanza tundu jingine, na katika kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma kuliko ya mbele. Kama kompyuta yako ni mpya na ina matundu madogo ya mviringo pekee, yaitwayo USB-C, utahitaji kiunganishi. Kinunue siku hiyohiyo, na ujaribu nacho.

Lipo jambo ambalo huwasumbua wenye ndugu Uarabuni na Ulaya. DVD za kuuzwa, za filamu na nyinginezo, hugawanywa kwa kanda za dunia. Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika ziko kanda ya 5. Saudi Arabia na Oman ziko kanda ya 2, na Uingereza pia iko kanda hiyohiyo. Kwa hiyo DVD aliyoinunua hujaji dukani huko, au aliyoituma mjomba kutoka Muscat au London, yaweza kukataa kucheza hapa ikiwa imefungwa kwa kanda yake. Kompyuta itakuuliza kama ungependa kubadili kanda ya draivu. Usibonyeze ndiyo kwa wepesi: draivu huruhusu mabadiliko matano tu katika uhai wake, na baada ya hapo hubaki pale ilipo milele. Diski zilizorekodiwa nyumbani hazina kanda, VCD hazina kanda, na diski nyingi za mawaidha zilitolewa wazi kwa dunia nzima. Hizo hazitakusumbua.

Faili zisizo na sauti

Draivu imepatikana, diski imeingia, kompyuta imeiona. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na tunamwomba msomaji asiharakishe ukurasa.

Familia moja ya Machame ilitusimulia yaliyowapata. Baba yao alikuwa imamu, na wanafunzi wake walimrekodi darsa kadhaa za tafsiri katika CD za sauti. Baada ya kufariki kwake, kijana mmoja wa nyumba hiyo alijitolea kuzihifadhi. Alifungua diski ya kwanza, akaona faili zimepangwa moja hadi kumi na mbili, akazichukua zote akazibandika kwenye flashi. Kazi ilikwisha kwa kufumba na kufumbua. Akafanya hivyo kwa diski zote na akamshukuru Mola. Diski zenyewe, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena, zikafungwa kamba zikatundikwa kihambani kutisha ndege waliokuwa wakifukua mbegu, nazo zikakaa juani tangu Shaaban hadi baada ya Idi. Siku walipoifungua flashi mbele ya wageni, hapakuwa na sauti yoyote.

Kilichotokea ni hiki. CD ya sauti haina faili kama zile za hati au picha. Sauti imeandikwa juu yake kama mstari mrefu usiokatika, na kompyuta ya Windows, ili ikuonyeshe mahali kila kipande kinapoanzia, huweka vijikaratasi vyenye tamko la .cda mwishoni mwa jina. Kila kijikaratasi kina ukubwa wa baiti 44 tu. Ni sawa na kunakili faharasa ya kitabu ukaacha kurasa zake. Kuitoa sauti yenyewe unahitaji programu inayosoma mstari ule na kuugeuza uwe faili kamili. Windows Media Player, iliyomo katika kompyuta nyingi, inafanya kazi hiyo. Hata programu ya bure iitwayo VLC inaweza. CD moja kuichakata huchukua dakika kadhaa. Ikichukua sekunde mbili, hujahifadhi kitu.

Kati ya diski zile zilizotundikwa, chache zilizokuwa upande wa kivuli cha migomba zilisomeka. Nyingine zilikuwa zimefifia. Diski za kurekodia huhifadhi sauti katika rangi maalumu ambayo leza huiunguza, na jua huibabua rangi hiyo kama libabuavyo pazia la dirishani.

Namna nyingine za diski zina utaratibu tofauti kidogo. CD yenye faili za MP3 nakili kama kawaida, hakuna siri ndani yake. Juzuu thelathini za msomaji mmoja, ambazo zingehitaji CD za sauti zaidi ya ishirini, zikiwa MP3 huenea katika DVD moja na nafasi ikabaki. VCD ina folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake mna faili kubwa zenye tamko la .DAT, hizo ndizo video, zinakili, nazo VLC itazicheza. DVD ya harusi ina folda iitwayo VIDEO_TS yenye vipande vya karibu gigabaiti moja kila kimoja. Inakili folda nzima jinsi ilivyo, usichague vipande. Kompyuta isipoicheza DVD usidhani draivu ni mbovu: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, uwezo wa kucheza DVD haumo tena ndani ya Windows, na ni VLC hiyohiyo itakayokusaidia.

Baada ya kunakili, fungua kila faili, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho. Katika CD maandishi huanza karibu na kitovu na kwenda nje, kwa hiyo sehemu za mwisho za hotuba ziko pembeni mwa diski, palipo na alama nyingi za vidole. Hapo ndipo sauti hukwama.

Ukitaka kuandika diski mpya, kwa mfano kumpelekea bibi asiye na kompyuta lakini ana deki ya DVD, tumia kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, diski ya kuandikwa mara moja imeharibika na haitengenezeki. Andika kwa kasi ya chini au ya kati, na uikubalie programu inapouliza kama diski ifungwe. Deki nyingi hazisomi diski iliyoachwa wazi.

Haki ya aliyerekodi

Tumeulizwa mara nyingi kama kunakili diski kunajuzu. Diski ya harusi yako ni yako. Darsa iliyotolewa bure na mwenyewe, akaruhusu isambazwe, hiyo nayo haina tatizo. Ama diski ya kuuzwa, ya kaswida au ya mawaidha, ina mwenyewe. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazolindwa kisheria na haifai kuzishambulia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya nchi yetu ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, nayo inazilinda. Kuigeuza kaswida uliyoinunua ili uisikilize mwenyewe, na kuichapa nakala hamsini ukaziuze nje ya msikiti baada ya Ijumaa, si kitu kimoja, na hatudhani kuna msomaji asiyeiona tofauti.

Kuhusu diski zenye kisomo cha Kurani, wengi wa wanazuoni wa zama hizi wamesema kwamba diski haichukui hukumu ya msahafu, kwa kuwa hakuna herufi inayoonekana juu yake. Pamoja na hayo, si adabu kuitupa jalalani.

Utunzaji

Diski ziwekwe zimesimama, kila moja katika kasha lake, mbali na dirisha na mbali na jiko. Wanaoishi juu mlimani wajihadhari na unyevu wa masika; boksi lisikae chini sakafuni wala lisigusane na ukuta. Kifuta kiwe kitambaa cha pamba, na mkono uende kutoka kitovuni kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong'aa, lakini katika CD tabaka lenye sauti liko karibu kabisa na upande wenye maandishi, na mkwaruzo wa upande huo ndio usiotibika. DVD imejengwa kwa mabamba mawili yaliyogandishwa, na tabaka lake liko katikati, kwa hiyo ina ahueni kidogo. Dawa ya meno, ambayo vijana huipaka ili kulainisha mikwaruzo, mara nyingine husaidia na mara nyingine humaliza kazi. Iwe ya mwisho, baada ya kujaribu draivu tatu tofauti.

Karatasi ya gundi usiibandike juu ya diski, kwani huifanya izunguke kombo na huvuta tabaka inapobanduka. Andika kwa kalamu laini ya wino, katika kile kiduara cheupe kilicho karibu na tundu la katikati: jina la aliyerekodiwa, mahali, na mwaka wa Hijria au wa Miladia. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati wapo nyumbani wanaozitambua sauti hizo. Nakala ziwe mbili, moja katika diski ngumu ya nje hapa Moshi na nyingine kwa ndugu aliye Dar es Salaam au Tanga. Diski za asili zirudishwe boksini, hata kama nakala zimekamilika, na draivu ikae pamoja nazo ikiwa imefungwa katika kitambaa, waya wake ukiwa umekunjwa kando yake.